Namba Moja, Kumbukumbu Nyingi: Namna ya Kupunguza Alama za Kidijitali

Alama za kidijitali ni jumla ya kumbukumbu ambazo mtu huziacha kila atumiapo simu, kompyuta, kadi ya benki au huduma nyingine inayopitia mtandaoni. Kumbukumbu hizo ni za mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile anazozitoa mwenyewe kwa kujua, kama vile picha, maoni na fomu alizojaza; fungu la pili ni zile zinazochukuliwa bila yeye kufanya jambo lolote la makusudi, kama vile mnara ulionasa mawimbi ya simu yake, saa aliyofungua programu fulani na aina ya kifaa alichotumia. Wengi wanaojali faragha yao hushughulika na fungu la kwanza peke yake, ilhali la pili ndilo huongezeka usiku na mchana.

Kumbukumbu moja ikiwa peke yake mara nyingi haina madhara, kwa kuwa haimtaji mtu wala haielezi jambo la maana kumhusu. Madhara huanza pale inapounganishwa na nyingine. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba takribani asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambuliwa kwa mambo matatu tu, yaani tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa mahali wanapoishi, ijapokuwa hakuna hata moja kati ya hayo ambalo watu hulihesabu kuwa siri. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza mienendo ya simu za watu milioni 1.5 ambao majina yao yalikuwa yameondolewa, ulibainisha kuwa nukta nne za mahali na wakati zilitosha kumtenga mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Kwa hiyo kupunguza alama za kidijitali ni, kwanza kabisa, kazi ya kukata viungo vinavyoziwezesha kumbukumbu zilizotawanyika kukutana.

Katika Afrika Mashariki kiungo chenye nguvu kuliko vyote ni namba ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, namba hiyo imekuwa pia akaunti ya fedha, na baadaye ikawa anwani ya WhatsApp na ufunguo wa kurejeshea nywila iliyosahaulika. Nchini Tanzania, usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 uliifungamanisha na kitambulisho cha taifa. Katika huduma nyingi za fedha, anayeanza kutuma pesa huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, utaratibu uliowekwa ili fedha zisipotelee kwa mtu mwingine, lakini ambao pia humwezesha yeyote mwenye namba kulipata jina la mwenyewe. Daftari la wageni linalokaa kwa mlinzi katika lango la ofisi hudhihirisha jambo hilo vizuri: mgeni huandika jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na anayekwenda kumwona, na kila anayemfuata huweza kuisoma safu nzima wakati akisubiri kalamu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuitenganisha namba ya fedha na namba ya hadhara. Mfanyabiashara anayebandika namba yake dukani au kuiweka katika matangazo ya mtandaoni hunufaika akiwa na laini ya pili kwa kazi hiyo, huku ile iliyofungwa na benki na akaunti za kifedha ikibaki kwa wachache. Laini ya zamani nayo haifai kutupwa kiholela, kwani kampuni za simu huigawa upya namba isiyotumika kwa muda mrefu, na mwenye laini mpya huweza kupokea ujumbe wa kuthibitisha akaunti ambazo mwenye laini wa awali hakuziondoa. Akaunti zote zihamishwe kwanza, ndipo laini iachwe.

Hatua ya pili inahusu ruhusa, yaani idhini ambayo programu huomba ili ifikie kamera, kipaza sauti, mahali simu ilipo au orodha ya majina. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, ruhusa nyeti huombwa moja moja na huweza kufutwa wakati wowote katika mipangilio ya simu. Madhara ya kuzitoa ovyo yalionekana wazi katika programu za mikopo ya haraka, ambazo baadhi zilinakili orodha nzima ya majina ya mkopaji na kuwapigia wakwe, majirani na waajiri wake mara tu alipochelewesha marejesho. Kenya ilipiga marufuku mwenendo huo kwa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022, duka la programu la Google likazizuia programu za mikopo kufikia orodha hizo kuanzia Mei 31, 2023, na Benki Kuu ya Tanzania ikazifungia programu 69 zisizo na leseni mnamo Novemba 2024. Kipimo chepesi ni kulinganisha ruhusa na kazi: programu ya ramani huhitaji kujua mahali, lakini ya tochi haina sababu ya kuyasoma majina ya watu.

Picha nazo hubeba zaidi ya kinachoonekana. Ndani ya faili la picha, simu huandika tarehe, saa, aina ya kifaa na, kama kamera imeruhusiwa kujua mahali, latitudo na longitudo za pale ilipopigwa, kwa usahihi unaoweza kufikia mita chache. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati hubaki yalivyo. Kuizimia kamera ruhusa ya mahali humaliza tatizo kwa picha zijazo. Vilevile simu huwa na kitambulishi cha matangazo, msimbo ambao kampuni mbalimbali huutumia kuunganisha matendo ya mtumiaji mmoja katika programu tofauti. Katika Android huweza kufutwa, na katika iPhone, tangu Aprili 2021, programu hulazimika kuomba idhini kabla ya kumfuatilia mtu kwa njia hiyo.

Akaunti zilizosahaulika ni eneo jingine, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kuiondoa programu kwenye simu ni kuifuta akaunti, ilhali taarifa hubaki katika kompyuta za kampuni mpaka mwenyewe aagize zifutwe. Sheria humpa nguvu ya kuagiza hivyo: Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo haki hiyo ina mipaka, kwa kuwa benki na kampuni za simu hulazimika kisheria kutunza baadhi ya kumbukumbu za miamala. Zaidi ya hayo, namba ya mtu imo katika simu za rafiki na jamaa zake, nao wakiruhusu orodha zao zinakiliwe, naye huchukuliwa pamoja nao bila kuulizwa.

Kwa sababu hiyo juhudi kubwa hufaa kuwekwa kabla taarifa haijatolewa. Sheria hizo huwataka wakusanyaji wachukue kile tu kinachohitajika kwa kusudi lililotajwa, na mwananchi anaweza kukifanya kigezo hicho kuwa chake, kwa kumuuliza muuza duka anayetaka tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya kadi ya punguzo itatumika kwa nini, na kuacha wazi kila nafasi ya fomu ambayo jibu lake halitoshelezi. Taarifa isiyotolewa haihitaji kulindwa wala kufutwa, ilhali ile iliyokwisha kunakiliwa katika mifumo mitatu huhitaji maombi matatu, na mwenyewe mara nyingi huujua mmoja tu.