Je, Wajua? Matege Penye Jua Kali

Kolwezi na Nzilo, penye bwawa la umeme la mto Lualaba, ziko takriban nyuzi 11 kusini ya ikweta. Jua la huko laweza kuipa ngozi kazi ya kutengeneza vitamini D, inayosaidia kuimarisha mifupa, mwaka mzima. Lakini jua halipiti kwenye blanketi alilofunikwa mtoto, na kioo cha dirisha huzuia mionzi inayohitajika. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini hiyo kidogo mno. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2016 unapendekeza vipimo 400 (IU) vya vitamini D kwa siku kwa kila mtoto hadi atimize mwaka.

Na vitamini peke yake haijengi mfupa. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wenye matege, yaani mifupa laini inayopinda, walipona vizuri zaidi kwa kalisi kuliko kwa vitamini D pekee. Bukari ya mahindi ina kalisi kidogo sana. Ndagala, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wanayo tele. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuwala wakiwa wametwangwa laini ndani ya uji.