Wateja 3 tu, na foleni inakuwa ndefu mara mbili

Umenunua mikungu ya ndizi pale Nyakoe, pikapu inangoja, umeweka PIN na simu imenyamaza. Kidole kinawasha kutuma tena. Hebu subiri kidogo.

Kabla ya kubadilisha kitu kwenye mitambo yetu, hatukijaribu kwa pesa zako. Tunaunda soko la kuigiza ndani ya kompyuta: wateja wa kubuni, pesa za kubuni, saa inayokimbia. Wateja hawa hawaji kwa mstari kama askari. Sasa hivi mmoja, halafu wanne kwa mpigo, halafu kimya. Siku nzima inaisha kwa sekunde, nasi tunairudia mara nyingi, maana siku moja yaweza kuwa bahati tu.

Chukua wakala mmoja. Tuseme mteja huchukua dakika 1 kwa wastani (kuna wa haraka, na kuna aliyesahau PIN). Kwa saa anaweza kuhudumia 60. Wakija 30 kwa saa, kila mmoja atakaa hapo dakika 2 hivi, kungoja pamoja na kuhudumiwa. Wakija 54, dakika 10. Wakija 57, dakika 20! Wameongezeka watatu tu, na 60 haijafika. Hesabu hizi si za jana: Mdenmarki Agner Krarup Erlang alichapisha kazi yake mwaka 1909, akiwa kampuni ya simu ya Copenhagen.

Mtambo wa malipo hushughulikia wengi kwa wakati mmoja, lakini ukikaribia kujaa tabia ni ileile. Na wale watatu si lazima wawe wageni. Wanaweza kuwa watu walewale wanaotuma mara ya pili. Tukiigiza hivyo, kuchelewa kunazaa kurudia, kurudia kunazaa kuchelewa, na foleni inajilisha yenyewe. Mbaya zaidi, pesa yako inaweza kwenda mara mbili.

Kwa hiyo simu ikinyamaza, angalia taarifa ya miamala kwanza. Kama haionekani, ombi lako bado linaweza kuwa njiani. Ngoja meseji ya kukubali au kukataa ndipo utume tena. Wewe muuzaji, usiachilie ndizi kwa kuonyeshwa skrini ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe. Ikikawia sana, tupigie ukiwa na namba uliyotumia, kiasi na saa. PIN hatutakuuliza.