KURA TATU ZA MWAKA 1958

Katika masomo yetu ya Historia jambo moja limenivutia sana, nami napenda kuwaeleza: uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Baraza hilo lilianza mwaka 1926. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, tena kwa kuteuliwa. Kura zilianza Septemba 1958 katika majimbo matano. Matano mengine, pamoja na Jimbo la Kusini lililokuwa na Wilaya yetu ya Songea, yakapangiwa Februari 1959.

Si kila mtu aliyeruhusiwa. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na tena awe amefika darasa la nane, au apate shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo maalumu. Mfikirieni mkulima wa tumbaku wa hapa Songea asiyekuwa na hata moja katika hayo. Kodi alilipa, lakini kura hakuwa nayo.

Sharti jingine lilikuwa la ajabu zaidi. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Akiacha mmoja, karatasi yake iliharibika.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kujadili kama isusie uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake.

Nani alikuwa sahihi? Tupige hesabu. Wapiga kura Wazungu walikuwa wachache mno kumpa mtu wao ushindi peke yao. Kwa hiyo hata mgombea Mzungu alihitaji kura za Waafrika. TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, nao wakashinda. Sharti lililowekwa kugawa viti kwa rangi likakipa nguvu chama kilichodai uhuru wa wote.

Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba, 1961. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, masharti ya elimu na mapato hayakuwapo tena. Ndipo yule mkulima wetu naye alipoipata kura yake.