Moto wa Serengeti: muulizeni nyumbu

Wadau, ukitoka Mwanza kwa basi la Musoma unalipita geti la Ndabaka hapo hapo barabarani. Serengeti iko karibu na ziwa kuliko wengi wanavyodhani. Sasa swali: mvua ikizidi, moto wa mbugani utapungua? Kumbe mvua nyingi ni nyasi nyingi, na kiangazi zikikauka ndiyo kuni zenyewe!

Ila nyasi zina mlaji. Sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakafyeka nyasi, moto ukakosa chakula, miche ya miti ikapona. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walilipima hili kwa modeli ya kompyuta. Waliingiza mvua, tembo, hata hewa ya ukaa, lakini moto ndio ulioonekana kuamua zaidi. Na miti ilivyoongezeka, mbuga ikaanza kuhifadhi kaboni badala ya kuitoa.

Kwa hiyo mtega nyaya anayeuza kimoro cha nyumbu kwangu si mwizi wa nyama tu. Nyumbu wakipungua, nyasi zinabaki na moto unarudi, mvua inyeshe isinyeshe. Watu wa Lamadi na Bunda, mnasemaje?