Waliofia Nje ya Daftari

Kila zahanati ya serikali Tanzania ina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mgonjwa akifika anaandikwa: umri, kijiji, ugonjwa, dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha, ripoti inapanda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Siku hizi hesabu hizo huingizwa kwenye kompyuta kwa programu ya DHIS2, iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Lakini liwe la karatasi au la kompyuta, daftari hilo linamjua aliyefika tu. Mtoto aliyefariki usiku nyumbani kwao, ng'ambo ya mto, hamo. Mganga mkuu wa wilaya anayepanga bajeti kwa daftari hilo peke yake hana tofauti na mwenye duka anayeagiza mzigo kwa kutazama risiti za mwaka jana, asijue ni wateja wangapi waliondoka mikono mitupu.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania na IDRC, shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, walianzisha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Benki ya Dunia ilikuwa imetoa ripoti mwaka 1993 ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, ilimradi fedha ziende kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Ukiwa Washington hilo halina ugumu kulisema. Ukiwa Utete au Ikwiriri, huko Rufiji, utajuaje ni yapi yanayoua zaidi?

Ilibidi watu wapite mlango kwa mlango. Kuanzia mwishoni mwa 1998, wadadisi walizunguka kila kaya katika eneo la Rufiji lenye watu wapatao 85,000, mara tatu kwa mwaka. Nani kazaliwa, nani kahamia, nani kaondoka, nani kafariki. Majibu yaliingizwa kwenye kompyuta, na katikati ya mizunguko watoa taarifa wa vijiji walileta habari za uzazi na misiba. Penye kifo, mtu aliyefundishwa kazi hiyo alirudi nyumbani hapo msiba ukishapoa kidogo, akiwa na dodoso.

Sijui kazi ya utafiti inayohitaji upole kuliko hiyo. Unakaa na mama aliyempoteza mwanawe, unamuuliza mambo ambayo angependa kuyasahau. Homa ilianza lini? Alipata degedege? Shingo ilikakamaa? Alikuwa akihema haraka, mbavu zikiingia ndani? Aliharisha, na choo kilikuwa na damu? Mlimpeleka wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Karatasi hizo zilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaandika chanzo cha kifo alichokiona. Wakitofautiana, wa tatu alisoma. Kwa mtoto mmoja njia hii inaweza kukosea kabisa, maana hakuna damu iliyopimwa. Kwa mamia ya vifo, sura ya jumla hujitokeza hata kama kesi moja moja zina ukungu.

Kisha ikaja hesabu ambayo kwangu ndiyo kiini cha ugunduzi wote. Hawakuhesabu vifo peke yake, walihesabu miaka ya kuishi iliyopotea. Babu wa miaka sabini na mitano na mtoto wa miaka miwili wote ni msiba mmoja mmoja, lakini mtoto ameondoka na miaka mingi zaidi ambayo angeiishi. Programu ya kompyuta ikazigeuza takwimu kuwa nguzo kwenye karatasi, ndefu na fupi, zinazosomeka na afisa yeyote wa halmashauri bila kuwa mtaalamu wa takwimu. Kando yake zikawekwa nguzo za bajeti.

Hazikulingana hata kidogo. Malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 hivi ya miaka iliyopotea, ilhali bajeti ya 1996 iliitengea asilimia 5. Kifua kikuu, chenye chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipewa asilimia 22. Hapa nina tahadhari yangu: mzigo mdogo wa ugonjwa wakati mwingine ni tunda la fedha zilizokwisha kutumika. Ukipunguza chanjo kwa sababu surua haiui tena, surua itarudi. Lakini kwa malaria hakukuwa na utetezi wa namna hiyo. Bajeti ilikuwa imerithiwa tu, mwaka hadi mwaka.

Nchi wakati huo ilitumia kama dola 8 kwa kila mtu kwa afya kwa mwaka. Mradi uliahidi kuongeza 2, na wilaya zikaweza kutumia kama senti 80 tu. Watumishi na mipango havikutosha kubeba zaidi. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vyandarua vyenye dawa, dawa za malaria, na mafunzo ya kumpima mtoto mzima mzima badala ya kutibu tatizo lile moja alilolalamikia mama. Kati ya 1999 na 2000 vifo vya watoto wachanga Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila vizazi hai 1,000, na vya walio chini ya miaka mitano kutoka 140 hadi 120. Nguzo za kwenye karatasi haziwezi kudai sifa yote, kwa kuwa mambo mengi hubadilika wilayani kwa wakati mmoja. Ila takwimu zilirudi mikononi mwa watu wenye uwezo wa kuhamisha fungu kutoka mstari huu kwenda ule. Ripoti nyingi zinazojazwa leo, kwa kalamu au kwa kishikwambi, zinapanda tu, na muuguzi aliyezijaza hasikii chochote hadi fomu ya mwezi ujao.

Karatasi zile za misiba zilifichua jambo jingine pia. Ilikuwa imeshaaminika maofisini kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji, hasa mtoto akipata degedege. Watafiti walipofuatilia vifo vya malaria vya 1999 hadi 2001 Rufiji, waliona kuwa karibu wanne kati ya watano walitafutiwa kwanza tiba ya kisasa, zahanati au dawa za dukani. Walioanzia kwa mganga walikuwa wachache. Kina mama walikuwa wamefanya kile walichohimizwa kufanya, na bado wakazika. Na dawa ya kwanza ya malaria kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Agosti 2001 Tanzania iliiondoa kwenye nafasi hiyo, ikaweka SP, yaani dawa ya sulfadoxine-pyrimethamine.