Nduthi za Stima: Betri Inachajiwa Usiku, Lakini Nani Anaokoa Doo?

Ushawahi panda nduthi ukashangaa mbona haina kelele? Hiyo ni ya stima, na Nairobi siku hizi ziko kila steji. Swali ni, hiyo stima inatoka wapi?

Kenya, chanzo kikubwa cha stima ni mvuke. Kule Olkaria karibu na Naivasha, visima vimechimbwa hadi kwa mawe moto, mvuke unapanda na kuzungusha mitambo. Mvuke haujui usiku wala mchana. Lakini saa nane usiku watu wamelala, stima haihitajiki sana, na kiasi cha huo mvuke huachiliwa tu hewani. Manze, hiyo ni doo inapepea.

Mwaka 2023 EPRA ikaweka bei ya kuchaji nduthi na magari ya stima: KSh16 kwa yuniti, na usiku KSh8, kabla ya kodi. Nusu bei!

Sasa msee wa boda hana saa za kungoja betri ijae. Anaingia kituoni, anatoa iliyoisha, anawekewa iliyojaa, anarudi kazi. Kumbe ile bei ya usiku inamfaa mwenye kituo. Yeye analipa ile kampuni imeamua.

Halafu betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwa nduthi ya nyingine. Ikikuishia Kitengela na vituo vyenu viko Westlands, utasukuma. Kabla uchukue moja kwa mkopo, uliza vituo viko wapi kwa ruti yako, na vinafungwa saa ngapi.