Udongo wa Chumvi na Vibarua Wasioonekana

Ukitaja bakteria hapa shuleni, wenzako watakumbuka kipindupindu na homa ya matumbo. Eti bakteria wote ni maradhi! Kumbe gramu moja tu ya udongo mzuri ina mamilioni kwa mamilioni ya bakteria, na wengi wao ni vibarua wetu. Wao huozesha majani na samadi, na kuigeuza naitrojeni iwe chakula cha mimea. Je, udongo ukiingia chumvi, vibarua hao hupatwa na nini? Na ukitibiwa, hurudi?

Sisi wa Muhoroni ni majirani wa tambarare ya Kano. Udongo wa huko ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka, masika hunata kama ulimbo. Sehemu nyingine zina chumvi ya sodiamu. Kwa Kijaluo, udongo wa chumvi unaorambwa na ng'ombe huitwa bala. Neno hilo halina umbali na balaa, na kwa mkulima mambo ni yale yale.

Chumvi huwadhuru bakteria kwa njia mbili. Kwanza, huvuta maji kutoka mwilini mwao, kama inavyotoa maji kwenye kachumbari. Wanaosalia hutumia nguvu zao kujikinga badala ya kufanya kazi. Pili, sodiamu huvunja madonge ya mfinyanzi yakawa unga unaoziba vitundu vya hewa. Mvua ikinyesha, wanaohitaji hewa hukwama. Wanaoweza kuishi bila hewa hushika usukani, na baadhi yao huchukua nitrati na kuirudisha naitrojeni angani. Basi kumwaga mbolea ya dukani mahali hapo ni kujaza maji pakacha.

Si jambo dogo. Mwaka 2007 wanasayansi Catherine Lozupone na Rob Knight walilinganisha bakteria wa mazingira mengi duniani, wakaona kwamba chumvi ndiyo inayoamua zaidi ni aina gani ziishi wapi, kuliko hata joto.

Nyumbani kwetu tuna kipande cha namna hiyo. Baba anafikiria kuwauzia wafyatua matofali. Nyanya hataki kusikia. Mimi niko upande wa nyanya, na hoja zangu ni hizi.

Mosi, ardhi ya sodiamu hutibika kwa jasi. Kalisiamu iliyo ndani ya jasi huchukua nafasi ya sodiamu, kisha maji huiosha sodiamu hiyo, mradi kuna mifereji ya kuitoa. Baada ya bahari kufurika Uholanzi mwaka 1953, mashamba yaliyoingiwa na maji ya chumvi yalitiwa jasi na kurudi kulimwa. Kuosha kwa maji matupu hakutoshi. Mfinyanzi wa sodiamu huzidi kujifunga.

Pili, jasi hufungua mlango, lakini si chakula. Bakteria wanataka samadi, majani makavu ya miwa, au lile tope linalobaki kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Wakila, huongezeka idadi na aina. Wapenda chumvi hupungua, na wanaotengeneza nitrati huanza kurudi.

Tatu, wao wenyewe husaidia tiba. Hutoa utelezi unaogandisha chembe za udongo. Pia hewa ya kaboni wanayopumua huyeyusha chokaa iliyomo ardhini, ikatoa kalisiamu zaidi. Si mchezo! Ila kazi hiyo huchukua misimu, si wiki.

Hebu wewe pia ujaribu. Chukua donge kavu la udongo, ulitie polepole katika glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya saa chache, likizungukwa na wingu kama maziwa, shuku sodiamu. Kisha ng'oa mche wa njugu au kunde wenye afya, upasue vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wako kazini. Kabla ya kununua jasi, udongo upimwe maabara. Kuna kituo cha utafiti wa miwa pale Kibos.

Wanachama wenzangu, ardhi ikiuzwa kwa matofali haikui tena. Tuwashauri wazazi wapime kwanza, waamue baadaye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.